Uongo Anaoambiwa Mbwa

Mtu akimdanganya mbwa, huandikiwa uongo au haandikiwi? Nilimuuliza shehe wa mtaa wetu wa Oli hapa Arua, akacheka. Nilimuuliza jirani yangu katekista, akajikuna kidevu. Nikamuuliza mpwa wa katekista, kijana anayesoma falsafa seminari, naye akanipa jibu refu lenye majina ya Wazungu. Mimi si mwanachuoni wala mtawa. Nauza samaki wakavu. Lakini uongo naujua, kwa maana sijaona mahali ambapo watu humwapia Mungu kwa ajili ya shilingi mia tano kama kwenye meza za samaki wa angara katika soko la Arua. "Wallahi hii ndiyo bei ya mwisho," na muuzaji na mnunuzi wote wanajua kwamba nyuma yake ipo nyingine. Kwa hiyo nimeamua kulijibu swali hili mwenyewe, kwa akili ya sokoni na kwa kile kidogo nilichobeba kutoka madrasa.

Mbwa wetu anaitwa Simba, jina la mbwa wengi wa mji huu. Aliletwa kulinda banda la samaki, kwa sababu paka wa mtaani na wezi wa usiku wana tabia moja. Baba yangu alikuwa Mnubi, mama yangu Mkakwa wa Koboko, na nimelelewa katika madhehebu ya Shafi, ambayo ni makali kwa mbwa: mate yake ni najisi, manyoya yake yakilowa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Imam Malik aliona vingine. Kwake mbwa aliye hai ni tohara, na kuosha chombo ni kutii amri tu. Mababu wa baba walitoka Sudan, nchi ya Wamaliki, wakiwa askari wa Emin Pasha, wale waliobaki karibu na Ziwa Albert mpaka ofisa Mwingereza Lugard akawachukua mwaka 1891. Huenda wao walimshika mbwa bila wasiwasi. Mimi nina kopo la udongo karibu na bomba, na Simba halali ndani.

Hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye mbwa naijua. Naijua pia ruhusa iliyotolewa kwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na kwamba wanachuoni wengi wameupima ulinzi wa mali kwa kipimo hicho hicho. Katekista aliposikia habari ya malaika akanikumbusha kitabu cha Tobiti katika Biblia ya Wakatoliki: kijana Tobia yuko safarini, malaika Rafaeli anamwongoza njia, na mbwa anakwenda pamoja nao. Nikamwambia, "Basi malaika wenu wana uvumilivu, mzee." Tukacheka, kila mmoja akabaki na dini yake. Kwa ulinzi hapakuwa na ugomvi. Ugomvi ulianza wajukuu walipoanza kumfundisha Simba michezo.

Waliiona kwenye simu. Kwanza ni kuketi. Unashika kichwa cha angara mkavu, unakipitisha juu ya pua ya mbwa kuelekea kisogoni. Macho yanamfuata samaki, kichwa kinainuka, matako yanashuka yenyewe. Papo hapo unasema "keti" na unampa. Ukichelewa akainuka, umemlipa kwa kuinuka, na kesho atainuka vizuri zaidi. Baada ya kuketi alijifunza kutoa mkono, kisha kujizungusha, kisha kulala chali akijifanya amekufa, mchezo ambao watoto wa jirani wanaupenda kuliko yote. Simba huambiwa "keti" kwa Kiswahili na "njoo" kwa Kilugbara, na wajukuu wamemwongezea Kiingereza cha shuleni. Lugha hazimsumbui, kwa sababu yeye hutazama mikono kwanza.

Mchezo mgumu ni wa kungoja. Mbwa amelala, kichwa cha samaki kimewekwa juu ya mguu wake wa mbele, pua iko vidole viwili tu kutoka hapo, mate yanadondoka. Hagusi mpaka asikie "haya". Majirani wakija kutazama, hakosekani mmoja wa kusema kwamba huyu ana adabu kuliko fulani. Wazo hilo si geni. Ibn al-Marzuban wa Baghdad, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kitabu kizima kueleza ubora wa mbwa kuliko wengi wavaao nguo.

Shehe hakufurahi. "Hajati," aliniambia, "ulinzi sawa, lakini haya ya kupeana mikono na mbwa ni mchezo mtupu." Nikamjibu kwa heshima kwamba Qurani yenyewe imemtaja mbwa aliyefundishwa. Katika Sura ya Maida, aya ya 4, Mwenyezi Mungu anahalalisha nyama iliyokamatwa na wanyama wa kuwinda tuliowafundisha, na anasema kwamba tunawafundisha katika yale aliyotufundisha Yeye. Katika njia hiyo ya elimu mimi ni mtu wa kati tu, na mwenye mali ni mwingine.

Mafakihi wakauliza: mbwa aliyefundishwa ni yupi? Mashafi wakaweka masharti. Akitumwa aende. Akizuiwa aache. Akikamata asile. Na hayo yajirudie mpaka yawe tabia yake. Adi bin Hatim, aliyekuwa na mbwa wa kuwinda, aliambiwa na Mtume kwamba mbwa akiwa amekula katika windo, asile yeye, kwa sababu huyo amejikamatia mwenyewe. Tazama sharti lilivyokaa. Hawakutaka mbwa mwenye mbio au mwenye meno makali. Mbwa wa porini ana vyote hivyo. Walitaka mbwa mwenye nyama mdomoni ambaye anajizuia. Simba na kichwa chake cha angara anafanya mtihani huo huo.

Lakini mbwa hujizuia kwa sababu gani? Kaka yangu wa Koboko ndiye aliyenifungua macho. Yeye huwinda ndezi wakati wa kiangazi, nyasi zikishachomwa, na mbwa wake huvaa njuga ili wasikike majanini. Kila ndezi akipatikana, matumbo ni ya mbwa, hapo hapo, kabla mtu hajafunga kamba. Nilimuuliza kwa nini asingoje wafike nyumbani. Akasema, "Dada, mbwa asipopata fungu lake porini, safari inayofuata atakula kichakani kabla hujafika. Si kwamba amekuwa mwizi. Amejua tu kwamba hulipi."

Hapo nikaelewa kwa lugha yangu. Mbwa anayengoja anakukopesha. Ametoa bidhaa kwanza, yaani subira yake, na malipo yatakuja baadaye kwa neno lako. Mimi nikimkopesha mama wa Ariwara beseni la samaki avuke nalo kwenda Congo, sina karatasi wala shahidi, nina uso wake tu. Mbwa naye hana karatasi. Anao mkono wako uliofumbwa, na imani kwamba ndani yake kuna kitu.

Sasa mjukuu wangu mmoja, mtundu, akagundua kwamba mkono uliofumbwa unafanya kazi hata ukiwa mtupu. Akamwita Simba kwa ngumi isiyo na kitu. Mbwa akaja mbio, akaketi, akatoa mkono, akajizungusha, akapiga michezo yote aliyoijua, kisha mtoto akafungua kiganja na watoto wote wakaanguka kwa kicheko. Wakarudia kesho yake, na siku zilizofuata. Baadaye Simba akawa anakuja polepole. Kisha akawa anasimama mbali na kunusa hewa kwanza. Mwishowe mtoto yule akifumba ngumi, mbwa anageuza uso. Mimi nikifumba, anakuja. Ndipo nilipokwenda kwa shehe na swali langu.

Jibu refu la mwanafunzi wa falsafa lilikuwa hili. "Mama, uongo unahitaji mtu wa kuelewa neno. Mwingereza Thomas Hobbes aliandika mwaka 1651 kwamba haiwezekani kufanya mapatano na wanyama, kwa sababu hawaelewi maneno yetu, hawawezi kupokea haki wala kukabidhi haki. Na yuko Mrusi, Ivan Pavlov, aliyeonyesha kwamba mbwa anayelishwa kila mara baada ya ishara fulani huanza kutokwa mate kwa ishara peke yake. Simba haamini chochote, Mama. Ni mate na mazoea."

Jibu zuri, na sikulidharau. Lakini katika darsa zetu husimuliwa kisa ambacho wengi hukinasibisha na Imam Bukhari. Alisafiri mwendo mrefu kumfuata mtu aliyesemekana ana hadithi ya Mtume. Akamkuta anamwita farasi wake aliyetoroka, amekunja nguo yake kana kwamba imebeba nafaka. Akamuuliza kama kuna nafaka humo. Hapana, akasema, namvuta tu. Imam akageuka akaenda zake. Hakutaka hadithi kutoka kwa mtu anayemdanganya mnyama. Kiwe kimetokea hivyo au kimetungwa kwa ajili ya mafunzo, waliokisimulia walishakubali kwamba uongo unaweza kusemwa kwa nguo iliyokunjwa. Yule mtu hakutamka neno, na Hobbes alitafuta maneno tu.

Katika mkusanyo wa Abu Daud iko hadithi ya mama aliyemwita mwanawe mdogo, njoo nikupe. Mtume akamuuliza alitaka kumpa nini. Tende, akajibu. Akaambiwa kwamba kama asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Mtoto yule naye huenda hakuelewa mengi kuliko mkono uliofumbwa. Na kuhusu mazoea ya Pavlov, nilimwambia kijana: mwanangu, wateja wangu wa Ijumaa wanakuja kwa mazoea, wengine mate yanawatoka kabla hawajafika mezani. Je, kwa kuwa ni mazoea, niwape samaki waliooza? Uaminifu mwingi wa duniani umejengwa kwa mazoea, na hiyo si sababu ya kuuvunja.

Hata hivyo pingamizi kubwa nilijiwekea mwenyewe, na linatoka katika biashara yangu. Muziri wa Ziwa Albert huvuliwa usiku kwa taa. Vidagaa vinaufuata mwanga, na wavu unavingoja. Kama kila anayemhadaa mnyama amesema uongo, basi mimi nauza uongo kwa kikombe. Mkulima aliyesimika sanamu la kufukuza ndege shambani ni mwongo. Mwenye mtego wa panya ni mwongo. Dini haijasema hivyo, wala akili haikubali. Tofauti iko wapi?

Nimelizungusha hili kichwani asubuhi nyingi nikipanga samaki, na naona tofauti iko katika kufundisha. Muziri sikumfundisha kuipenda taa. Hakuna siku niliyomwonyesha mwanga nikampa chakula ili auamini. Kati yangu na yeye hapana neno, na hila ya mvuvi ni sehemu ya kuwinda. Lakini hakuna mbwa aliyezaliwa akijua kwamba ngumi ya binadamu ina maana ya samaki. Maana hiyo tumeiweka sisi, kichwa kimoja cha angara baada ya kingine, mpaka ikamwingia. Anayeweka maana ndani ya kiumbe amejifunga nayo. Kwa hiyo namkubalia Hobbes nusu: na mnyama niliyemkuta porini sina mapatano. Na yule niliyemfundisha ninayo, kwa sababu kufundisha kwenyewe ndiko kulikuwa kupatana.

Mtu atasema: basi utamlisha mbwa samaki kila anapoketi mpaka duka lifilisike? La. Mbwa akishajifunza, huja hata kwa mkono ulio wazi, kwa sauti na kwa kupapaswa, na hapo sikumwahidi kitu zaidi yangu mimi. Nikimwita kwa kiganja wazi akaja, sina deni. Nikimwita kwa ngumi, ninalo.

Kuna ahadi nyingine ambayo sikuiweka kwenye mizani upesi, nayo ni ya baba yangu. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walivuka mpaka wakaishambulia Koboko. Jeshi la serikali lilipokuja kulipiza kisasi, watu wa West Nile wakakimbia kwa maelfu, wengine Zaire, wengine Sudan. Sisi tulielekea Kaya, upande wa Sudan, kwa miguu, godoro kichwani. Tulikuwa na mbwa mwekundu aliyejua neno moja tu, "kaa", kwa sababu baba alimfundisha kukaa mlangoni akienda kuswali. Baba alimwambia, "Kaa. Kesho tunarudi." Mbwa akakaa. Tulirudi baada ya miaka, tukakuta nyasi zimeota ndani ya kuta. Nikiwa mtu mzima nilimuuliza baba kama alimdanganya yule mbwa. Akasema, "Sikumdanganya. Nilimwahidi kesho isiyokuwa yangu."

Jibu hilo lina mlango wake katika Qurani. Katika Sura ya Kahf, ambayo wengi wetu huisoma siku ya Ijumaa, vijana walioikimbia dhuluma wamelala pangoni, na mbwa wao amenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Ni aya ya 18. Aya ya 22 inataja watu wanavyobishana juu ya idadi yao, na katika kila hesabu mbwa anahesabiwa pamoja nao. Mara tu baada ya hapo, aya ya 23 na ya 24, linakuja katazo la kusema kwamba jambo fulani nitalifanya kesho bila kulitegemeza kwenye mapenzi ya Mungu. Wafasiri wana sababu zao za mpangilio huo. Mimi, binti wa mtu aliyemwacha mbwa kizingitini akamwahidi kesho, husoma aya hizo kwa mfululizo na naona zinanisemesha jambo moja. Ahadi isiyotimia si uongo, mradi mdomo ulimaanisha ulichosema. Ngumi tupu ni uongo tangu ilipofumbwa. Baba yuko upande wa kwanza. Na bado hakufuga mbwa tena maisha yake yote, maana deni usiloweza kulilipa hubaki deni hata kama hukuiba.

Wapo waliolijua jambo hili kwa vitendo kuliko mimi. Ng'ambo ya Nile, huko Gulu, Francis Okello Oloya alipoteza macho akiwa na umri wa miaka 12 kwa mlipuko wa bomu. Akaja kusoma saikolojia, akaanzisha mradi wa kuwapa mbwa watu walioumizwa na vita vya waasi wa LRA, chini ya shirika la The BIG FIX. Anayepewa mbwa huko hufundishwa pamoja naye. Fikiria mtu aliyetekwa akiwa mtoto, aliyeahidiwa na kutishwa kwa kila aina ya neno. Kumwambia aanze kuwaamini watu tena ni kumtuma mlimani bila maji. Kumpa mbwa wa kuambiwa "keti" na kulipwa papo hapo ni kumrudisha mahali ambapo neno na tendo bado vinashikana, na mshikaji ni yeye mwenyewe.

Kwa upande mwingine, uongo juu ya mbwa huua. Jirani akiuliza kama Simba ana chanjo ya kichaa cha mbwa, hilo si swali la kujibiwa kwa ulimi wa sokoni. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili hauna tiba. Aliyeumwa huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha huenda hospitali siku hiyo hiyo, na mbwa mwenyewe huangaliwa kwa siku 10. Mwenye mbwa anayesema "huyu amechanjwa" huku hajachanjwa, au anayemficha mbwa wake aliyeuma, amefumba ngumi tupu mbele ya mtoto wa mwenzake.

Basi jibu langu ni hili. Uongo kwa mbwa ni uongo, endapo ulimfundisha kukuamini. Kadiri ulivyofundisha zaidi, ndivyo unavyodaiwa zaidi. Anayepinga anieleze kwanza elimu hiyo aliipata wapi, na aliyempa aliruhusu itumiwe vipi.

Shehe nilimpelekea jibu hili. Alinyamaza kidogo, akasema atalifikiri, ila nisisahau kuosha mikono. Nyumbani nimeweka sheria. Atakayemwita Simba kwa ngumi tupu atakwenda bandani kuleta kichwa cha samaki, na kichwa hicho kitatoka kwenye sahani yake ya jioni. Mjukuu yule mtundu alilalamika, "Haboba, lakini ni mbwa tu!" Nikamwambia mbwa ni mteja mgumu kuliko watu, kwa sababu wallahi yangu hawezi kuielewa, anaangalia kama nalipa. Na wewe unayesimama mezani kwangu sokoni ukitilia shaka bei yangu ya mwisho, unakaribishwa Oli. Nitafumba mkono mbele yako, na Simba atakuambia.